Shahidi Mmoja Aliyewashinda Kumi

Nikiwa kidato cha tatu, simu ya mwalimu mmoja ilipotea siku ambayo darasa letu lilikuwa zamu ya kusafisha ofisi ya walimu. Kufikia jioni mwizi alikuwa ameshapatikana: jamaa tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja. Ushahidi? Kijana mmoja wa kidato cha pili alisema alimwona karibu na dirisha. Basi. Sisi wanne tuliokuwa naye jikoni saa hiyo hiyo tulisimama tukasema, tukaambiwa tunyamaze ama tufunge masanduku twende naye. Akafukuzwa na barua. Wiki tatu baadaye simu ikapatikana ndani ya droo ya mwalimu mwenyewe, chini ya karatasi za mtihani.

Unadhani walimwita arudi? Walibadilisha kufuli ya ofisi, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyetangaza chochote paredi. Mwalimu alipata simu, shule ikabaki na heshima yake, na beste yangu akabaki na barua.

Nilikumbuka hiyo stori mwaka huu nikisoma kuhusu kesi ya Kapenguria. Najua unaijua. Sote tuliikariri: K nne, N moja, O moja. Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei, Oneko. Unaandika majina sita, unapata alama zako, unasonga mbele. Kile ambacho mwalimu wa historia hakutuambia, ama labda hakuwa na muda, ni kwamba shahidi mkuu wa hiyo kesi alirudi baadaye akasema alidanganya. Na serikali ikamfunga yeye.

Wacha nianze mwanzo.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring anatangaza hali ya hatari. Usiku huo huo msako mkubwa unafanyika na viongozi wa KAU wanabebwa. Shida ya serikali ni moja: ina watu mkononi lakini haina kesi. Settlers wanapiga kelele wanataka damu, London inataka kuona sheria inafuatwa, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba Jomo Kenyatta ndiye anayeendesha Mau Mau. Kumbuka tu, Agosti ya mwaka huo huo Kenyatta alikuwa amesimama mbele ya umati mkubwa Kiambu akiilaani Mau Mau hadharani. Baadaye kortini hiyo nayo iligeuzwa: wakasema hakuwa akimaanisha. Yaani ukinyamaza una hatia, na ukilaani una hatia zaidi kwa sababu unaigiza.

Mahali pa kesi pia palichaguliwa kwa akili. Si Nairobi, ambako watu wangejaa nje ya korti. Kapenguria, huko West Pokot, wakati huo mji mdogo usio na reli, eneo ambalo huwezi kuingia bila kibali. Korti ilikaa kwa jengo la shule. Mawakili walilala Kitale, karibu kilomita arobaini, wakawa wanaenda na kurudi kila siku kwa barabara ya vumbi. Na mawakili wenyewe hawakuwa wa mchezo: D. N. Pritt kutoka Uingereza, Dudley Thompson Mjamaika, H. O. Davies kutoka Nigeria, Chaman Lall kutoka India, na wa hapa nyumbani A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Pritt alipotuma simu ya maandishi kwa wabunge London akilalamika kwamba haki inanyimwa, alishtakiwa kwa kuidharau korti. Aliachiliwa, lakini ujumbe ulifika.

Halafu kuna hii: mkalimani wa korti mwanzoni alikuwa Louis Leakey. Ndiyo, yule yule wa mafuvu ya binadamu wa kale. Alikuwa anajua Kikuyu sawasawa, lakini pia alikuwa ameandika kitabu kizima akiipinga Mau Mau. Pritt alipinga mpaka Leakey akajiondoa. Fikiria unashtakiwa, halafu anayetafsiri maneno yako ni mtu ambaye tayari ameshachapisha maoni yake.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyestaafu, aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii moja. Shtaka lilikuwa kuendesha chama haramu, na kifungo cha juu kabisa kilikuwa miaka saba.

Sasa tufike kwa Rawson Macharia. Yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya kesi dhidi ya Kenyatta, kwa sababu yeye ndiye aliyesema aliona kwa macho. Kwamba tarehe 16 Machi 1950 Kenyatta mwenyewe alilisha watu kiapo cha Mau Mau mbele yake, na kwamba alitaka hata yeye Macharia anywe kiapo hicho. Mashahidi wengine walikuwa na mikutano, nyimbo, maneno ya kusikia. Macharia alikuwa na Kenyatta, mkono kwa mkono, na kiapo.

Upande wa utetezi ulileta mashahidi kumi kumpinga. Thacker aliandika kwenye hukumu yake kwamba anajua uamuzi wake unamaanisha kuwakataa kumi na kumwamini mmoja, na kwamba hasiti kufanya hivyo. Macharia, alisema, alitoa ushahidi wake vizuri. Aprili 8, 1953, wote sita wakapewa miaka saba na kazi ngumu.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu najua kuna msee ataniambia "lakini hawa si walikuwa Mau Mau kweli?" Baadhi, ndiyo. Kaggia na Kubai walikuwa ndani ya kamati ya siri iliyoitwa Muhimu, na Kaggia mwenyewe aliyaeleza hayo baadaye bila aibu. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya ukombozi. Lakini huyo mmoja ambaye serikali ilimtaka zaidi, ambaye ilimwita kichwa cha kila kitu, ndiye ambaye ushahidi wake ulikuwa wa kununuliwa. Kesi mbovu haihitaji washtakiwa malaika ndiyo iwe mbovu. Inatosha korti kuamua kwanza halafu itafute sababu baadaye.

Na kweli ilinunuliwa. Baring mwenyewe alimwandikia waziri wa makoloni London kwamba wanafanya kila juhudi kuwapa mashahidi zawadi. Hakuificha, si kwa mkubwa wake. Macharia alikatiwa tiketi ya ndege, akapelekwa Uingereza kusoma mambo ya utawala katika chuo cha Exeter, familia yake ikitunzwa huku nyuma, na akiahidiwa kazi ya serikali akirudi. Thacker naye, kwa mujibu wa wanahistoria waliofuatilia jambo hili, alipewa paundi 20,000 kimya kimya. Paundi moja ilikuwa shilingi 20. Hiyo ni shilingi 400,000, mwaka wa 1953. Chai ya aina hiyo hata karao wa leo hajaiota.

Rufaa zilikuwa drama yake. Mahakama Kuu ilisema Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiza kesi Kapenguria kwa sababu ya jinsi alivyoteuliwa. Yaani kesi nzima ilikuwa imeanguka! Serikali ikakimbia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na hiyo ikaiinua tena. Achieng Oneko alishinda rufaa yake Januari 1954, korti ikasema hana hatia. Unajua alienda wapi baada ya hapo? Kizuizini. Kwa sheria za hali ya hatari hukuhitaji kuwa na hatia ili ufungiwe. London nako, Baraza la Faragha la Malkia likakataa hata kuwasikiza wale wengine.

Kwa hivyo wakakaa Lokitaung, huko juu Turkana, kwa joto lile.

Miaka ikapita. Novemba 1958, Kenyatta akibakisha miezi tu kumaliza kifungo, Rawson Macharia akaenda kuapa hati ya kisheria. Akasema alidanganya. Hakuona Kenyatta akilisha mtu kiapo. Alifundishwa la kusema na akalipwa, na si yeye peke yake. Alitaja mashahidi wengine sita waliodanganya pia. Kuna watu husema alifanya hivyo kwa sababu serikali haikumtimizia yote aliyoahidiwa, kwamba alitaka kazi kubwa zaidi akanyimwa. Inawezekana. Mimi sioni kama inabadilisha kitu. Mtu akirudisha pesa alizoiba kwa sababu amekosana na mwenzake wa kuiba, bado pesa zimerudi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Serikali ilikuwa na njia mbili. Moja: kufungua hiyo kesi tena, iulize kama shahidi ambaye hukumu yote ilimwegemea alikuwa mwongo. Ya pili: kumgeuza Macharia mwenyewe kuwa mshtakiwa. Sasa angalia hesabu yake. Kama alisema uongo Kapenguria, hilo lilikuwa kosa la jinai. Kama alisema uongo kwa hati ya 1958, hilo pia lilikuwa kosa la jinai. Moja kati ya hayo mawili lazima lilikuwa uongo. Serikali ikachagua kumshtaki kwa ile hati. Ikisema, kwa maneno mengine, kwamba 1952 alisema ukweli mtupu na 1958 ndipo alipodanganya. Pritt akarudi Kenya, safari hii kumtetea shahidi yule yule aliyemsaga kwa maswali Kapenguria. Ile barua ya serikali ya kumwahidi safari na masomo ikatokea kortini. Maelezo yakawa kwamba walikuwa tu wanamlinda asije akauawa na Mau Mau.

Macharia akapatikana na hatia. Miezi 21.

Mtu ambaye neno lake 1953 lilikuwa zito kuliko la watu kumi, 1959 neno lake halikuwa na uzito hata wa karatasi. Hakubadilika yeye. Kilichobadilika ni upande aliosimama. Na mkuu wa sheria wa koloni wakati huo alikuwa Eric Griffith-Jones, mtu ambaye 1957 alimwandikia Baring kuhusu kupigwa kwa wafungwa kambini, akamwambia kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Ofisi yenye mawazo hayo ndiyo ungetarajia iseme "samahani, tulimfunga mtu kwa uongo tulioulipia"?

Mimi sidhani walikuwa wajinga. Walijua kitu ambacho taasisi yoyote hujua: ukikubali kosa moja, yanafuata mengine. Kenyatta akiwa hana hatia, basi hali ya hatari ilitangazwa kwa misingi gani? Wale maelfu waliofungiwa kambini waliwekwa kwa nini? Kuna watu 1,090 walionyongwa kwa mambo ya Mau Mau miaka hiyo, wengi kwa makosa kama kumiliki risasi ama kulisha kiapo, na si kwa kuua. Kesi zao zilisikizwa haraka haraka, na mara nyingi zilisimama juu ya shahidi wa aina hii hii. Ukivuta uzi mmoja, sweta yote inafumuka. Kwa hivyo uzi haukuvutwa. Kenyatta alipomaliza kifungo Aprili 1959 hakwenda nyumbani, alipelekwa Lodwar. Na 1960 gavana mpya, Renison, akamwita kiongozi wa giza na mauti. Huyo ni gavana anasema hayo mwaka mmoja na kitu baada ya shahidi kukiri. Agosti 1961 ndipo Kenyatta alipofika Gatundu, na si kwa sababu korti ilisema ilikosea. Ni kwa sababu KANU ilishinda uchaguzi na ikakataa kuunda serikali bila yeye.

Sasa, mtu aliyefungwa kwa uongo akipata kiti, si unatarajia atakuwa wa kwanza kuvunja ile mashine? Hii ndiyo sehemu inayoniuma, na ndiyo ambayo haikuwa kwa kitabu changu cha historia. Kaggia alifungwa 1968, rais akiwa Kenyatta, kwa sababu ya mkutano ulioitwa haramu. Oneko, yule aliyeshinda rufaa na bado akafungiwa, alikamatwa tena 1969 na akakaa kizuizini mpaka 1975. Bila kesi. Hawa ni watu waliokula naye ugali wa Lokitaung. Sheria za Waingereza za kumweka mtu ndani bila kuthibitisha lolote zilibadilishwa jina tu.

Halafu ikaja zamu ya Nyayo. Miaka ya 1986 na 1987, wakati wa msako wa Mwakenya, walimu, wanafunzi wa chuo na waandishi walishikwa, wakakaa chini kule Nyayo House kwa vyumba vyenye maji, halafu wakafikishwa kortini jioni bila wakili na kukubali mashtaka. Watu wanakiri, hakimu anauliza maswali mawili, kifungo. Kila mmoja kwa hicho chumba alikuwa akiona mtu aliyechoka, aliyevimba miguu, na hakuna aliyeuliza. Ni miaka mingi baadaye ndipo korti zetu zilianza kuwapa fidia. Na fidia hiyo inalipwa na nani? Na mimi na wewe kwa kodi. Waliotesa walistaafu na marupurupu yao.

Turudi kwa Waingereza, kwa sababu wao ndio walioikamilisha hii sanaa. 2009 wazee wachache wa Kenya walienda kushtaki London. Serikali ya Uingereza mwanzoni ilisema, nisikize vizuri, kwamba mtu wa kushtakiwa ni serikali ya Kenya, kwamba wao madeni yao yaliisha na uhuru. Kisha 2011 ikajulikana kwamba kulikuwa na mafaili yamefichwa mahali panapoitwa Hanslope Park, zaidi ya 8,000 kutoka koloni 37, yakiwemo ya Kenya yaliyobebwa kabla ya uhuru. Wanahistoria walikuwa wakiyaulizia miaka yote hiyo. Yalikuwa hapo tu.

Juni 6, 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague akasimama bungeni kwao. Akasema Uingereza inatambua kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni. Akasema inajutia kwa dhati. Akatangaza paundi milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Gawanya uone, haifiki paundi 4,000 kwa mtu. Na kwenye hotuba hiyo hiyo akasema serikali bado inakana kwamba inawajibika kisheria. Yaani tunalipa, tunajuta, lakini hatukukosa. Miaka kumi baadaye Mfalme Charles alikuja Nairobi akazungumza kuhusu huzuni na majuto. Neno la kuomba msamaha halikutoka.

Nimempigia yule beste yangu wa kidato cha tatu juzi nikamsomea hiyo sehemu ya Hague. Alicheka sana. Ako sawa siku hizi, ana duka la kuuza na kutengeneza simu, usiulize. Nikamuuliza angetaka nini kutoka kwa ile shule kama wangemtafuta leo. Nilidhani atasema pesa. Akasema angetaka waandike barua nyingine, yenye mhuri ule ule, na isomwe paredi.

Kuna kitu kimoja nimebaki nacho na nitakiacha hapa. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950, na ni hiyo marufuku iliyofanya iwe chama haramu, na ni huo uharamu uliofanya watu wafungwe Kapenguria. Uhuru ulipokuja 1963, marufuku hiyo haikuondolewa. Kenyatta hakuiondoa, na yeye ndiye aliyefungwa kwayo. Moi hakuiondoa. Iliondolewa 2003, serikali ya Kibaki ikiwa imeingia. Barabara tayari zilikuwa na majina ya wapiganaji, watoto wakiimbishwa nyimbo za mashujaa kila Oktoba, na kwa sheria ya nchi hao mashujaa walikuwa bado wanachama wa kundi haramu. Mimi nilizaliwa Mei mwaka huo. Miezi yangu ya kwanza hapa duniani, babu yangu, ambaye alikaa Manyani, alikuwa bado mhalifu.